Nasingi homu au asistedi livingi: ukitaka kuanza kazi ya kuhudumia wazee Marekani uanzie wapi?

Mtu akifika Marekani, awe kashinda bahati nasibu ya grini kadi au ni mkimbizi katoka Nyarugusu au Kakuma, akishapata tu kadi ya sosho (ile namba ya Social Security ya kufanyia kazi) swali la kwanza ni nifanye kazi gani, na wenyeji wake watamjibu kitu kimoja, nenda kalee wazee. Ushauri sio mbaya, kazi zipo na hazitaki digrii, ila wanamuachia njiani kwasababu kulea wazee sio kazi moja. Ukianzia sehemu fulani ndani ya miezi michache una cheti kinachotambulika, ukianzia nyingine unaweza ukapiga kazi miaka na miaka, una uzoefu mkubwa kabisa, ila kwenye karatasi huna kitu cha kuonyesha. Kwahiyo ngoja nizilinganishe vizuri, hasa hizi mbili ambazo watu wengi wanazichanganya, nasingi homu na asistedi livingi, alafu ile ya tatu ya kwenda nyumbani kwa mzee nitaipitia kidogo.

Nasingi homu, ziko karibu 15,000 nchi nzima, ni kwa ajili ya watu ambao lazima nesi awepo karibu. Mtu kapigwa na kiharusi upande mmoja haufanyi kazi, mwingine katoka hospitali kubadilishwa nyonga, mwingine analishwa kwa mpira. Kisheria lazima nesi mwenye leseni awepo masaa 24, na wewe unaingia kama CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti. Asistedi livingi ni tofauti, pale mzee kapanga chumba chake au apatimenti yake, ana mlango wake na funguo yake, anachohitaji ni mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa, kukumbushwa dawa, kufika mezani. Kwenye matangazo ya kazi za huko utakuta wameandika rezidenti kea teknishani, wengine rezidenti asistanti, wengine kea giva tu, usihangaike na jina, soma wanachotaka ufanye.

Tuanze na makaratasi maana hapo ndio tofauti kubwa ilipo na ndipo watu wanapoliwa hela.

CNA iko chini ya sheria ya serikali kuu ya mwaka 1987. Sheria inasema mafunzo yasipungue masaa 75, na katika hayo 16 yawe ya vitendo chini ya usimamizi. Hicho ni kiwango cha chini, majimbo mengine yameongeza, Texas ni masaa 100, California 160, Maine mpaka 180. Ukimaliza unafanya mtihani wa sehemu mbili, wa maswali (ambao kama kusoma Kiingereza bado kunakupa shida unaweza ukaomba usomewe) na wa vitendo mbele ya msimamizi. Kwenye vitendo watu wengi wanaofeli wanakuwa wanajua kabisa kazi, wanafelishwa na vitu vidogo. Unanawa vizuri alafu unafunga bomba kwa mkono ule ule badala ya karatasi. Unamhamisha mtu toka kitandani kwenda kwenye wilichea hujafunga breki. Unamaliza kila kitu unaondoka kengele ya kuitia umeiacha mbali na mkono wake. Fanya mazoezi nyumbani kwa sauti, mwambie mumeo au mdogo wako alale awe mgonjwa, bisha mlango, jitambulishe, vuta pazia, mwambie unachotaka kumfanyia kabla hujamgusa, yaani mpaka iwe inakutoka yenyewe. Ukifaulu jina linaingia kwenye rejista ya jimbo na mwajiri yeyote anaweza kuliona.

Sasa sikiliza hapa, hili wengi hawaambiwi. Sheria hiyo hiyo inasema nasingi homu iliyokuajiri, au iliyokupa ahadi ya kazi, haitakiwi kukutoza hela ya mafunzo wala ya mtihani. Na inaweza ikakuajiri hata kabla hujapata cheti, ukiwa kwenye mafunzo, kwa muda usiozidi miezi minne. Na kama ulijilipia mwenyewe chuoni alafu ukapata kazi nasingi homu ndani ya miezi 12, kuna utaratibu wa jimbo wa kurudishiwa gharama. Lakini dada zetu wakifika tu wanakimbilia chuo cha mtaani wanatoa hela yote waliyokuja nayo, wakati nasingi homu ya barabara ya pili ina tangazo limebandikwa mlangoni la kufundisha watu huku wanalipwa. Piga simu kwanza, zungukia nasingi homu za karibu yako, uliza kama wana darasa. Mkataba usome mpaka mwisho, kuna wanaotaka ukae muda fulani baada ya mafunzo, hilo uamue ukiwa unajua.

Asistedi livingi hakuna sheria ya serikali kuu inayosema masaa mangapi ya mafunzo, kila jimbo lina yake. Kuna sehemu unapewa siku chache za kuangalia video, unafuatana na mwenzako zamu kadhaa, basi unaachiwa wakazi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuomba leo ukaanza mshahara mapema, na kwa mtu ana watoto na kodi inamsubiri hilo sio jambo dogo. Ubaya ni kwamba mara nyingi mafunzo yale ni ya pale pale, ukihama unaanza upya, na ukienda hospitali kuomba kazi watakuuliza cheti cha CNA kiko wapi. Ndio maana mimi sisemi usianzie huko, nasema ukianzia huko weka nia ya kuchukua CNA ukiwa bado umo ndani. Na ukishakipata ukae ukijua ikipita miezi 24 mfululizo hujafanya kazi ya kulipwa ya uuguzi, unatakiwa urudie mafunzo au mtihani. Nimeona watu wanaenda nyumbani kukaa, wanarudi hawako tena kwenye rejista.

Kazi yenyewe sasa.

Nasingi homu ni kazi ya mwili. Zamu ya saa moja asubuhi mpaka saa tisa mchana kupewa wakazi kumi ni jambo la kawaida, usiku ishirini au zaidi. Hiyo idadi usidhani kuna mtu anailinda kwa niaba yako, mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni kwamba kila mkazi apate masaa 3.48 ya huduma kwa siku, mwaka uliofuata mahakama huko Texas ikaifuta hata haijaanza kufanya kazi. Kwahiyo inategemea sana umeingia jengo gani. Ila pale utajifunza, tena utajifunza vitu ambavyo vitakufaa popote. Mfano mtu aliyepooza hawezi kujigeuza, kila masaa mawili mnamgeuza, wawili, mmoja huku mmoja kule, mnashika shuka la kuvutia mnahesabu pamoja, mto unaingia katikati ya magoti, visigino visiguse godoro, na kabla hujamfunika unaangalia pale mwisho wa mgongo karibu na makalio, na visigino, na nyonga. Ukiona wekundu bonyeza na kidole, ukiachia ukabaki mwekundu vile vile kamwambie nesi muda huo huo, usisubiri mwisho wa zamu. Na kama mkazi ni mweusi kama sisi wekundu hauonekani, inabidi ushike usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Wasaidizi wengi hili hawafundishwi na wazee weusi wanapata vidonda vya kulalia vinagundulika vimeshaenda mbali, inauma sana kwasababu ni kitu cha kuzuilika kwa mkono tu.

Alafu kuna mashine za kunyanyulia, mkanda wa kiunoni wa kumshikia mtu anayetembea, kupima presha, kuandika amekunywa kiasi gani na amekojoa kiasi gani. Na nesi yupo, ukiona mtu anapumua vibaya unaita anakuja. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika mgonjwa kwenye maisha yake, huyo nesi kuwepo ni kitu kikubwa kuliko dola moja ya ziada kwa saa.

Asistedi livingi mwili unapumzika kidogo ila kichwa na mdomo vinafanya kazi. Wakazi wengi wanatembea, na wokeri (kile kifaa cha kushikilia wakati wa kutembea) au bila, na wanaongea. Watataka uwaambie umetoka wapi, Tanzania iko wapi, utasikia habari za wajukuu, na mtoto wa mkazi atapiga simu akuulize mama amekula nini leo na unatakiwa umjibu vizuri. Watu wanadhani Kiingereza kidogo kinatosha huko kwasababu wazee sio wagonjwa sana, mimi naona ni kinyume, nasingi homu sentensi zinajirudia, asistedi livingi unaongea kutwa. Na kazi ni za kila aina, utafua, utatandika, utahudumia mezani, utawapeleka kwenye michezo, na majengo mengi yana upande wa wenye dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) ambao mlango unafunguliwa kwa namba.

Upande huo ndio wanaojua kazi wanapoonekana. Kulikuwa na mzee maisha yake yote alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, sasa kila siku saa kumi alfajiri ameshavaa buti yuko mlangoni anahangaika na kitasa anataka kwenda kukamua. Wahudumu wapya walikuwa wanamwambia mzee hakuna ng'ombe hapa, rudi ukalale, na hapo vurugu inaanza, anasukuma, anatukana, mwisho anapewa dawa ya kumtuliza. Akaja mama mmoja wa zamu ya usiku, yeye hakubishana nae, akawa anamwambia kundi la kwanza wameshamaliza, njoo upate kahawa kwanza, anamkalisha kwenye meza ya chakula anamuwekea rundo la taulo. Mzee anakunja taulo moja moja anazipanga pembe kwa pembe mpaka kunakucha, ametulia, hakuna dawa hakuna kelele. Huo ujuzi huupati kwenye masaa 75, unaupata kwa kukaa na watu kama yule mama, na ndio sababu nasema unapochagua sehemu angalia utafundishwa na nani.

Ila asistedi livingi ina vitu viwili vya kuwa navyo makini. Cha kwanza ni dawa. Majimbo mengi yanaruhusu mtu asiye nesi kugawa dawa akishapata mafunzo yake, na wanakuongezea hela kidogo, watu wanaikimbilia. Sio mbaya, ila usikubali kusukumiwa kigari cha dawa wiki ya kwanza hujui hata sura za wakazi. Mtu sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, muda sahihi, njia sahihi, kama kimoja huna uhakika nacho simama upige simu kwa nesi, hata kama ni usiku na atakasirika. Cha pili ni usiku wenyewe. Kuna majengo usiku mnakuwa wawili kwa jengo zima, kuna ambayo unakuwa peke yako, nesi yuko kwake kwenye simu. Mzee akianguka chooni saa nane ya usiku wewe ndio wa kuamua. Usimnyanyue, angalia kama anajibu, kama kagonga kichwa au mguu umepinda piga 911, namba ya dharura, na kama jengo lina utaratibu wake uujue kabla ya siku hiyo. Kwa mtu mgeni kabisa kwenye kazi hii mimi nasema zamu ya usiku asistedi livingi usianze nayo, hata kama inalipa zaidi.

Homu kea, yaani kwenda nyumbani kwa mzee kupitia ejensi, wengi wanaipenda kwasababu unahudumia mtu mmoja, hakuna kengele kumi zinalia kwa pamoja, na ukipata familia nzuri mnakuwa kama ndugu. Lakini uko peke yako, unahitaji gari, na masaa yako yamefungwa kwa huyo mtu mmoja. Akilazwa hospitali, masaa yamesimama. Akifariki, umefiwa na umepoteza kazi siku hiyo hiyo. Muda wa kuendesha toka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine siku hiyo hiyo sheria ya kazi inauhesabu kuwa ni kazi, kuna ejensi wanakaa kimya kwenye hilo, uliza mapema. Naiona nzuri kama kazi ya pili, au baada ya kupata uzoefu, kwa kuanzia hapana.

Hela. Takwimu za Wizara ya Kazi za mwaka 2024 zinaonyesha CNA wa katikati kabisa analipwa kama dola 39,000 kwa mwaka, na wale wa homu kea na huduma binafsi, kundi ambalo wahudumu wengi wa asistedi livingi wasio na cheti wanaangukia, karibu dola 35,000. Jimbo na jimbo ni tofauti sana, na zamu za jioni, usiku na wikiendi mara nyingi wanaongeza kitu. Ovataimu uliza wanahesabu vipi, kawaida ni baada ya masaa 40 kwa wiki, ila hospitali na sehemu za kulelea wazee zinaruhusiwa kutumia utaratibu wa pili wa masaa 8 kwa siku na 80 kwa wiki mbili, na kama unapenda kupiga dabo, yaani zamu mbili mfululizo, hiyo tofauti utaiona kwenye cheki. Na kuhusu dabo niseme tu, nyumbani wanajua tunabeba maboksi na simu za kuomba ada haziishi, najua, lakini masaa 16 ya kugeuza watu siku nne mfululizo mgongo hauvumilii. Mgongo ukiharibika kazi zote hizi zimekufungia mlango kwa pamoja. Mashine ipo, iite, na mwenzako muite, hata akichelewa msubiri, mzee mwenyewe anaumia ukimvuta kwapa peke yako.

Kuna mengine yanafanana kote kote. Utaogesha watu, utabadilisha pampasi, mwanaume utakuta mama mzee hataki kuhudumiwa na mwanaume na ni haki yake, badilishana na mwenzako bila kuchukia. Na utatukanwa rangi yako, hasa na wenye dimensia, wakati mwingine na wenye akili timamu kabisa. Akiwa ni mwenye dimensia, wewe toka nje, pumua, muombe mwenzako akushikie. Mwenye akili timamu, au familia yake, ripoti kwa msimamizi kwa maandishi, sio lazima uvumilie kimya kwa sababu wewe ni mgeni.

Sasa nani aende wapi. Kama una miaka ishirini, thelathini na kitu, mwili mzima, na unawaza unesi huko mbele, nenda nasingi homu, chukua CNA kwa gharama yao, kaa kama mwaka. Kuna vyuo vya unesi vinavyotaka CNA kabla hawajakupokea, LPN (nesi wa leseni ya ngazi ya kwanza) ni kama mwaka mmoja wa masomo, RN (nesi kamili aliyesajiliwa) miaka miwili mpaka minne, na hospitali nyingi zinakulipia sehemu ya ada ukiwa mfanyakazi wao. Kama ulikuwa nesi nyumbani, umesoma Muhimbili au KMTC, usijidharau ukaishia hapo, fanya CNA huku vyeti vyako vinakaguliwa ujiandae na NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya unesi, na uliza jimbo lako maana kuna majimbo yanamruhusu mtu mwenye mafunzo ya unesi kufanya mtihani wa CNA moja kwa moja bila darasa. Kama una umri umeenda kidogo, magoti yanasumbua, au una watoto wadogo na unataka ratiba isiyobadilika badilika, asistedi livingi zamu ya mchana itakufaa zaidi, na ukiwa na moyo wa kuongea na watu utapendwa. Mama zetu wa miaka hamsini na kitu waliokuja kwa watoto wao wengi nawaona wako huko na wanaiweza vizuri kuliko vijana.

Kabla hujasaini popote fanya mambo mawili. Kama ni nasingi homu ingia tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), sehemu inaitwa Care Compare, andika jina lake, utaona nyota moja mpaka tano, utaona idadi ya wafanyakazi kwa mkazi na wangapi wanaacha kazi kwa mwaka. Palipo na nyota moja kwenye wafanyakazi alafu wanakupa bonasi kubwa ya kusaini, sababu unaiona. Asistedi livingi hazimo humo, hizo tafuta ripoti za ukaguzi za jimbo, na nenda mwenyewe jioni muda wa chakula, sio asubuhi ambapo meneja yupo. Angalia kama kuna mtu anamlisha asiyeweza kujilisha au sahani imewekwa tu mbele yake. Kwenye intavyuu uliza, zamu yangu ina wakazi wangapi, usiku tunakuwa wangapi, nitafuatana na mtu kwa siku ngapi kabla sijaachiwa, mashine za kunyanyulia zipo ngapi na zinafanya kazi. Hawatakunyima kazi kwa kuuliza, wanahitaji watu.

Na makaratasi yaandae mapema maana ndio yanachelewesha wengi, pemiti ya kazi au grini kadi, kipimo cha TB (sisi wengi tulichanjwa BCG, ile ya kwenye ngozi inaweza kutoka pozitivu bila ugonjwa, omba ya damu), kadi ya chanjo, alama za vidole. Usikubali kufanya kazi kwa jina na karatasi za mtu mwingine hata kama anayekushawishi ni ndugu, vidole vinakaguliwa na jina lako likiharibika ni gumu sana kulisafisha kwenye rejista na uhamiaji.